Mwenye Kumdai Marehemu Ajitokeze

Tarehe 13 Januari 2015, majeneza matatu yaliyofunikwa bendera ya Ufaransa yaliwekwa katika ua wa makao makuu ya polisi ya Paris. Moja lilikuwa la Franck Brinsolaro, mlinzi wa mchora vibonzo Charb, aliyeuawa pamoja na mtu aliyekuwa akimlinda ndani ya ofisi za gazeti la Charlie Hebdo. La pili lilikuwa la Ahmed Merabet, askari wa doria, Mwislamu mwenye asili ya Algeria, aliyemaliziwa kwa risasi akiwa ameshaanguka kando ya barabara ya Richard-Lenoir, wauaji wakiwa mbioni. La tatu lilikuwa la Clarissa Jean-Philippe, binti wa Martinique, polisi wa manispaa aliyepigwa risasi huko Montrouge siku iliyofuata shambulio hilo. Rais François Hollande aliwatunuku wote watatu nishani ile ile ya Légion d'honneur, akazungumza na wafiwa, gwaride likatoa heshima. Ibada haikuwemo. Jamhuri ya Ufaransa haina dini, na heshima zake hazina dini vilevile.

Kisha njia zikaachana. Merabet alipelekwa siku hiyo hiyo Bobigny, kwenye makaburi ya Waislamu yaliyofunguliwa mwaka 1937, akazikwa pamoja na Waislamu wenzake; isipokuwa kwamba sheria ya Ufaransa humtaka kila maiti azikwe ndani ya jeneza, wala hairuhusu ateremshwe na sanda yake tu kama tunavyozika sisi. Brinsolaro alizikwa Bernay, mji mdogo wa Normandy. Jean-Philippe alivushwa Atlantiki kurudi kisiwani kwao.

Nimeanza na Paris kwa sababu pale unauona waziwazi mpaka ambao kwingine hufunikwa na mashada: kuna saa ya serikali na kuna saa ya ndugu. Karibu kila nchi huzika askari wake hivyo, serikali ikitangulia kwa bendera na amri za gwaride, ndugu wakifuata kwa dua na udongo. Anayelinganisha mila hizi akianza kupima bendi ya nani ni kubwa zaidi, au ni nani amepigiwa risasi nyingi zaidi hewani, atarudi mikono mitupu. Cha kuuliza ni hiki: heshima hii inamjibu nani? Kipimo ninachokitumia sikukiokota mbali.

Katika misikiti ya pwani yetu, maiti akiwa mbele ya safu, ndugu wa karibu husimama na kusema maneno machache. Marehemu alikuwa binadamu. Aliyekosewa naye amsamehe. Na kama kuna mwenye kumdai, aonane na familia. Basi. Hakitajwi cheo, hausomwi wasifu. Desturi hii ina mizizi katika simulizi mashuhuri za Mtume, aliyekuwa akiuliza iwapo maiti aliyeletwa mbele yake ana deni kabla ya kumswalia, na siku moja swahaba wake Abu Qatada akajitolea kulibeba deni la mtu ili swala ifanyike. Baadaye sheikh huuliza umati unamshuhudiaje marehemu, na umati hujibu kwamba alikuwa mtu mwema. Hujibu hivyo hata kwa trafiki ambaye kila dereva wa daladala aliyepo safuni anaujua urefu wa mkono wake. Sijifanyi kuwa desturi yetu haina unafiki. Lakini angalau swali limeulizwa, tena hadharani, tena kabla ya kaburi kufunikwa.

Nalichukua swali hilo na kusafiri nalo, kwa sababu askari polisi hufa akiwa na hesabu za pande mbili kuliko wafu wengi. Kuna anachodai: mafao, fidia, haki dhidi ya aliyemuua. Na kuna kinachodaiwa kwake, au kwa sare aliyoivaa, na raia aliowalinda au kuwaonea.

Marekani heshima kuu ni jina. Katika uwanja wa Judiciary Square, Washington, kuna ukumbusho wa kitaifa uliozinduliwa tarehe 15 Oktoba 1991, kuta mbili za mawe zenye majina zaidi ya 24,000 ya askari waliokufa kazini, wa zamani kabisa wakiwa wa karne ya 18. Kila mwaka majina mapya huchongwa kabla ya tarehe 15 Mei, siku iliyotangazwa na Rais John F. Kennedy mwaka 1962 kuwa ya kuwakumbuka. Majina hayafuati alfabeti wala miaka, hivyo askari aliyeuawa juzi anaweza kukaa jirani na sherifu wa enzi za farasi. Wajane na watoto huweka karatasi juu ya jina na kupaka penseli mpaka herufi zitokee, kisha huondoka na karatasi hiyo.

Mazishini kwao kuna zumari za Waayalandi, urithi wa wahamiaji waliojaa katika vikosi vya New York na Boston. Utepe mweusi hukatiza beji. Lakini kinachonigusa zaidi ni mwito wa mwisho wa redio. Mtu wa mitambo humwita marehemu kwa namba yake. Kimya. Humwita tena. Kimya. Ndipo hutangaza kwamba zamu ya askari huyo imekwisha, na wenzake wataendelea na lindo kutoka hapo. Ni swali linaloulizwa mbele ya jeneza, kama letu, ila lao huelekezwa kwa mtu mmoja tu ambaye hawezi kujibu. Letu huelekezwa kwa waliobaki.

Kwa upande wa deni, Wamarekani wamefanya jambo la kusifiwa: sheria ya mwaka 1976 iliiweka familia ya askari aliyeuawa kazini kuwa na haki ya malipo ya serikali kuu, awali dola 50,000, kiasi ambacho kimepandishwa sana tangu hapo. Haki hiyo haitegemei huruma ya mkuu wa kituo wala mchango wa marafiki. Tatizo liko mlangoni. Brian Sicknick, askari wa Bunge la Marekani aliyekabiliana na wavamizi wa Bunge hilo tarehe 6 Januari 2021 na kufariki kesho yake, majivu yake yaliwekwa chini ya kuba la Bunge, heshima ambayo raia wachache mno wamewahi kuipata. Askari mwingine, wa polisi wa jiji, alijeruhiwa katika vurugu zile zile, na siku 9 baadaye akajiua. Yeye hakupata kuba. Mkewe alihangaika na maombi na mawakili hadi Machi 2022, bodi ya mafao ilipokubali kwamba jeraha la siku ile ndilo lililomuua. Agosti mwaka huo ikasainiwa sheria inayowafungulia njia wajane wa namna yake. Mwanamke huyo alikuwa mwenye kudai aliyejitokeza, akaambiwa arudi nyumbani, akakataa.

Uingereza, jirani wa kihistoria wa polisi wetu kwa kuwa ndiye aliyetuletea sare, filimbi na amri za gwaride, huheshimu kwa mahali. Desturi hiyo ina tarehe ya kuzaliwa. Tarehe 17 Aprili 1984, Yvonne Fletcher, konstebo wa miaka 25, alikuwa akisimamia maandamano ya wapinzani wa Gaddafi mbele ya ubalozi wa Libya katika uwanja wa St James's Square, London. Risasi zikafyatuliwa kutoka dirishani mwa ubalozi, zikamuua. Mchumba wake, naye polisi, alikuwa hapo hapo uwanjani. Jengo likazingirwa kwa siku 11, na kwa siku kadhaa kati ya hizo kofia yake ilibaki chini pale alipoanguka, ikionyeshwa kila jioni kwenye televisheni.

Tarehe 27 Aprili waliokuwa ndani ya ubalozi waliondoka nchini chini ya kinga ya kidiplomasia. Siku hiyo hiyo Fletcher aliagwa katika kanisa kuu la Salisbury, kofia yake juu ya jeneza. Wasomaji wanaopenda kusema kwamba dola huwathamini askari wake watafakari tarehe hiyo moja: polisi mamia wamesimama wima kanisani, na wenye bunduki wanapanda ndege.

Mtengenezaji filamu Michael Winner, mtu asiyehusiana na polisi, alikasirishwa kwamba askari huzikwa na kusahauliwa, akaanzisha mfuko wa kuweka mawe ya ukumbusho pale pale askari walipouawa. Jiwe la kwanza, la Fletcher, lilizinduliwa na Margaret Thatcher tarehe 1 Februari 1985. Mengine yakafuata, kando ya barabara na vichochoro, mpaka Malkia Elizabeth alipozindua ukumbusho wa kitaifa barabara ya The Mall mwaka 2005. Napenda mila hii kuliko ukuta. Ukuta unaufuata kwa nauli. Jiwe la barabarani unalikuta ukienda sokoni, hutaki unataka.

Hata hivyo, jiwe halilipi deni. Aliyelishika deni la Fletcher kwa mikono yake ni mwenzake, John Murray, aliyekuwa naye alipokuwa akikata roho na kumwahidi kwamba atamtafuta aliyefanya hivyo. Libya ilikubali kubeba wajibu mwaka 1999 na kulipa fidia, lakini hakuna aliyefikishwa kizimbani kwa mauaji yale. Murray akastaafu, akazeeka, akaendelea kugonga milango. Hatimaye akafungua kesi ya madai, si ya jinai, dhidi ya Saleh Ibrahim Mabrouk, mmoja wa waliokuwa wakiuendesha ubalozi ule. Novemba 2021 Mahakama Kuu ya London iliamua kwamba Mabrouk alishiriki wajibu wa kifo kile. Fidia aliyoiomba Murray ilikuwa pauni moja.

Katika yote niliyosoma kuhusu kuwaenzi polisi, sijakutana na kitu kinachofanana na Abu Qatada kuliko pauni hiyo. Mtu mmoja alisimama na kusema: deni la huyu, niachieni mimi. Na lilimchukua miaka 37, wakati serikali yake ilikuwa na balozi, majasusi na mawaziri wa kulifuatilia kama ingetaka.

India nitaipita haraka, si kwa dharau, bali kwa kuwa kwao mambo yamepangwa kiasi kwamba mkosoaji hana pa kushika. Siku ni tarehe 21 Oktoba, kwa kumbukumbu ya askari 10 wa akiba waliouawa na wanajeshi wa China mwaka 1959 huko Hot Springs, Ladakh. Kila mwaka siku hiyo hukumbukwa wote waliouawa kazini ndani ya mwaka uliopita, nchi nzima. Ukumbusho mpya wa Delhi, uliozinduliwa mwaka 2018, ni nguzo ya mawe ya futi 30 na ukuta wenye majina zaidi ya 34,000. Ni heshima ya orodha: mtu mmoja mmoja humezwa na wingi. Yawezekana kwa nchi kubwa vile hakuna njia nyingine.

Sasa turudi nyumbani, ambako heshima yetu si jina wala mahali. Heshima yetu ni mwili, na safari ya kuurudisha mwili kwao.

Tarehe 13 Aprili 2017 askari polisi 8 waliuawa kwa kushambuliwa na watu wenye silaha katika kijiji cha Mkengeni, wilaya ya Kibiti, mkoa wa Pwani. Waliagwa Dar es Salaam, kwenye viwanja vya polisi vya Barabara ya Kilwa, mahali ambapo Jeshi la Polisi limeaga wengi. Kila anayeijua shughuli hiyo anajua mpangilio wake: majeneza chini ya turubai, viongozi mstari wa mbele, wasifu unaosomwa kwa mwendo mmoja kuanzia shule ya msingi hadi cheo cha mwisho, sheikh na mchungaji wakipokezana, wanawake wa kambi wakilia kwa majina. Kisha magari yanatawanyika, kila moja na mkoa wake, askari wachache wakiwa nyuma na jeneza. Huko kijijini gwaride dogo litapangwa kando ya migomba, risasi zitapigwa hewani, watoto watakimbia kuokota maganda, na kuanzia hapo marehemu si wa serikali tena. Ni wa ukoo. Kuna tanga, kuna arobaini, kuna hitma. Sijaona nchi inayomrudisha askari kwa watu wake kikamilifu kuliko hivi. Mmarekani ataandikwa ukutani Washington hata kama alizaliwa Montana. Wa kwetu atalala karibu na kaburi la bibi yake.

Udhaifu wetu uko kwenye swali lile lile ambalo sisi ndio wenye kulijua. Msikitini tunaliuliza, chini ya turubai la serikali halisikiki. Na Kibiti lilihitaji kuulizwa kuliko mahali pengine. Katika mwaka ule wa hofu waliuawa pia viongozi wa vijiji, na tarehe 21 Novemba 2017 Azory Gwanda, mwandishi aliyekuwa akiripoti mauaji hayo kwa gazeti la Mwananchi, alitoweka huko huko Kibiti. Hakuonekana tena. Kuwaheshimu wale askari 8 na kuulizia alipo Azory si mambo mawili yanayogombana. Mjane wa askari na mke wa mwandishi walikuwa na dai moja: waambiwe ukweli. Anayeona kwamba kumtaja mmoja ni kumkosea mwingine ameyafanya mazishi kuwa mkutano wa hadhara.

Wakenya wamejaribiwa upande mwingine. Polisi wao walianza kutua Port-au-Prince Juni 2024 kupambana na magenge ya Haiti. Tarehe 23 Februari 2025, konstebo Samuel Tompoi Kaetuai alipigwa risasi katika jimbo la Artibonite, wa kwanza wao kufa huko. Mwili ulirejeshwa Nairobi mwezi uliofuata, ukafunikwa bendera, ukapelekwa Kajiado, kwenye ardhi ya Wamaasai. Hapa mwanafunzi wa mila hupata jambo la kumfikirisha. Katika desturi za kale za Wamaasai, jina la aliyekufa lilikuwa halitajwi. Kulinyamazia ndiko kulikuwa kumpa staha. Desturi hiyo imefifia kwa wengi, na Ukristo umeleta wasifu na picha kwenye fulana. Lakini iweke mbele ya ukuta wa Washington uone: watu wawili wanaomheshimu askari yule yule, mmoja kwa kulichonga jina, mwingine kwa kulifunga mdomoni. Anayesema heshima ni kitu kimoja duniani hajafika Kajiado.

Mwezi mmoja baada ya kifo cha Kaetuai, askari mwingine wa Kenya alitoweka baada ya shambulio huko huko Artibonite. Viongozi wa Haiti wakamtangaza amekufa. Kenya ikaendelea kusema hajapatikana. Miezi ikapita, familia ikiwa haina mwili. Kwa watu ambao heshima yao yote imejengwa juu ya mwili, hili ni pigo lisilo na mfano. Mila zetu hazikuachwa bila jibu. Waislamu wa madhehebu ya Shafii wana swala ya maiti asiyekuwepo. Wajaluo, mtu wao akipotelea ziwani au vitani, huzika tunda la mti wa yago badala yake, kwa kilio kamili, ili mjane awe mjane na si mtu anayesubiri mlangoni. Serikali haina yago. Ina neno moja, «hajulikani alipo», na neno hilo huacha kila kitu kikining'inia: fidia, mafao, ada za watoto, hata ruhusa ya kulia. Familia hiyo ingestahili kauli yenye saini, iseme nini kinajulikana na nini kitalipwa wakati wa kungoja. Kuingojea kauli hiyo kwa miezi huku viongozi wakihutubia mataifa juu ya ushujaa wa kikosi ni jambo ambalo hakuna risasi za hewani zinazoweza kulifuta.

Itasemwa kwamba mambo ya pesa hayatajwi mbele ya maiti. Wenye kusema hivyo hawajawahi kusimama kwenye safu ya jeneza pale Kariakoo au Mji wa Kale wa Mombasa, ambako yanatajwa kila wiki bila aibu. Aibu iko kwa mjane anayepanda ngazi za ofisi na bahasha ya kaki, mwaka wa pili huu, akiulizwa cheti cha ndoa alichokwisha kukiwasilisha mara ya kwanza.

Basi nina ombi kwa wakuu wa polisi wa Tanzania na Kenya, tena halihitaji bajeti mpya wala mnara. Wasifu ukishasomwa, kabla kamanda hajatoa amri ya kufyatua, asimame afisa wa mafao mbele ya ukoo na kijiji atamke kwa sauti: familia hii inastahili kiasi hiki, italipwa kabla ya tarehe hii, na mimi ndiye wa kuulizwa, namba yangu ni hii. Kisha kamanda mwenyewe awaambie wanakijiji kwamba aliyekosewa na marehemu, au na kituo chake, mlango wa kulalamika uko wapi na atasikilizwa na nani. Hayo yote ni dakika tano. Wazee wa kijiji watakuwa mashahidi, na wao huwa hawasahau.

Na wewe msomaji, ukialikwa kwenye mazishi ya askari na shughuli ikaelekea kwisha bila maneno hayo, nyoosha mkono uulize.